Magadi kwenye supu ya bakteria

Debora, nimechoka. Ile supu ya asidi niliyoandaa wiki nzima, ya kukuzia bakteria wa vidonda vya tumbo, shangazi Coleta kaitia magadi!

Niliiweka kwenye friji ya nyumbani, maana ya maabara imekufa.

Eti, "Nimeionja, nikaona imechacha. Nimekuokolea." Kaionja, Debora! Kaionja!

Nikamweleza: bakteria hao hutoa vifuko vidogo vyenye sumu, na mimi napima jinsi ukali wa asidi unavyovibadilisha. Magadi yamekata ukali wote.

Akaniuliza: "Mwaka wa nne huu nalamba magadi kila siku kwa kiungulia. Vifuko vya tumboni mwangu vikoje?"

Miaka minne tunalala chumba kimoja. Sijawahi hata kumpima bakteria hao.