UZITO WA MZIGO MMOJA WA MAFUNJO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA KAMATI YA KITAIFA YA KUTHAMINI MALIASILI, KILICHOFANYIKA JUMANNE TAREHE 6 KATIKA CHUMBA CHA RAMANI, GHOROFA YA PILI, KUANZIA SAA 4:00 ASUBUHI KWA SAA YA UKUTANI, NA SAA 4:25 KWA SAA ZA WAJUMBE

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (mpima ardhi mstaafu)
2. Mchumi, kutoka Idara ya Mipango
3. Mtakwimu, mkuu wa kikosi cha wadodosaji
4. Mhandisi wa Maji
5. Katibu (afisa misitu), mwandishi wa kumbukumbu hizi

MWALIKWA
Msuka Mikeka, mwakilishi wa wavunaji wa mafunjo wa kinamasini

WASIOHUDHURIA
1. Mtaalamu wa Wanyamapori: kwa taarifa
2. Mwanasheria: bila taarifa, kwa mara ya nne

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Akidi ilipotimia, Mwenyekiti alifungua kikao na kumkaribisha mgeni. Alieleza kwamba kamati iliundwa ili nchi iwe na watu wake wenyewe wanaoweza kusema, kwa vipimo, msitu au mto au kinamasi kina faida gani pale mipango ya ardhi inapopangwa. Miaka miwili ya mafunzo imepita, alisema, na vyeti vya kutosha vimeshatundikwa ukutani. Kinamasi ndiyo kazi ya kwanza ambayo kamati imeifanya bila kushikwa mkono.

Aliwakumbusha wajumbe kwamba Baraza la Mipango litakaa tarehe 25, yaani siku kumi na tisa zijazo. Ripoti ya kamati isipokuwamo kwenye jalada siku hiyo, kinamasi kitaandikwa "ardhi isiyotumika" na kitafukiwa ili yajengwe maghala.

Wajumbe waliombwa wazime simu. Simu ya Katibu iliita alipokuwa akiandika ombi hilo.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA

Mchumi alipinga sentensi inayosema kwamba katika kikao kilichopita "alifoka". Alimgeukia Katibu, ambaye dada yake ndiye mke wa Mchumi, akasema: "Shemeji, mimi sifoki. Kamuulize dadako." Katibu alijibu kwamba ameshamuuliza.

Ilikubaliwa sentensi isomeke "alisisitiza kwa sauti". Baada ya marekebisho hayo kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/7: TAARIFA YA UTHAMINI WA KINAMASI

Mtakwimu alieleza kwamba wadodosaji kumi na mmoja, wote waliofunzwa na kamati, wamezifikia kaya 412 zinazotegemea kinamasi. Kila kaya iliulizwa huvuna mizigo mingapi ya mafunjo kwa wiki. Idadi hiyo ilizidishwa kwa uzito wa mzigo mmoja, kilo 12, kisha kwa bei ya kilo, na jumla ikalinganishwa na faida inayotarajiwa kwenye maghala. Hata baada ya kuongeza kazi ya kinamasi ya kuchuja maji ya mji, kama alivyoipima Mhandisi, kinamasi kilibaki nyuma.

Alisema matokeo hayo yamemnyima usingizi lakini hawezi kuzibembeleza tarakimu.

Mchumi alieleza kwamba hakushangaa. Alikumbusha kwamba tangu kikao cha kwanza alishauri aajiriwe mshauri mwelekezi kutoka nje, kwa kuwa tarakimu za kamati hii, ziwe kubwa au ndogo, hakuna atakayeziamini. Alipendekeza kikosi cha wadodosaji kivunjwe na kila mmoja arudi idarani kwake. "Wahenga wenyewe walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone," alimalizia.

Mgeni aliomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti aliagiza maneno yake yaandikwe kama yatakavyotoka, na Katibu aache kuyapiga pasi.

Msuka Mikeka alisema: "Wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule wenu wa mwaka ule, baba, jembe alipewa lini?"

Mhandisi alicheka. Jambo hili limeandikwa kwa sababu halijawahi kutokea.

Kwa faida ya kumbukumbu, ilielezwa kwamba mshauri wa mwaka ule aliithamini misitu ya milimani, akaacha ripoti yenye jalada gumu, akaondoka na majedwali yake. Hadi leo hakuna mtu ofisini anayeweza kueleza tarakimu ya ukurasa wa tisa ilipatikanaje, ingawa imenukuliwa katika mipango mitatu ya taifa. Mchumi alikiri kwamba miwili kati ya hiyo aliiandika yeye.

Msuka Mikeka aliomba asomewe dodoso lote, taratibu. Mtakwimu alipofika kwenye uzito, mgeni alimsimamisha.

"Hapo pa kilo, rudia mwanangu."

"Mzigo mmoja, kilo kumi na mbili."

"Kumi na mbili? Huo mzigo wa kumsindikiza mgeni hadi njia panda. Kwetu mzigo ni mtu na shingo yake. Ukiweza kuunyanyua peke yako bila kuita mwenzio akutwike, hujafunga mzigo, umeokota majani."

Mtakwimu aliweka kalamu mezani.

KUMB. NA. 4/7: KUPIMA MZIGO

Mgeni alieleza kwamba amekuja na mzigo mmoja alioukata alfajiri, wa kumpelekea msukaji mwenzake wa mjini auanike, na ameuacha kwa mlinzi mlangoni. Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa nusu saa, na wajumbe wote walishuka chini.

Katibu alijitolea kuubeba mzigo hadi stoo ya mbegu, kwenye mizani. Alikwenda nao hatua nne. Mlinzi na Mhandisi waliumalizia mwendo, na mgeni alimpa Katibu pole ambayo Katibu hakuiomba.

Mizani ilisoma kilo 34. Ulipimwa tena kwa ombi la Mchumi, ukasoma 34. Ulipimwa mara ya tatu kwa ombi la Mchumi, naye akiwa amepiga magoti mbele ya mizani. Ulisoma 34.

Mchumi alisema: "Haya ni maji, mama. Hapa mnapima maji. Mteja hanunui mafunjo mabichi, na jedwali letu linataka uzito wa makavu."

"Maji yamo, sikatai. Yakikauka yanapungua. Lakini hayafiki huko kwenye kumi na mbili yenu."

"Yanafika ngapi?"

"Sijui. Sijawahi kuyapima. Mikono ndiyo inajua."

Mchumi alisema mikono haina safu kwenye jedwali. Mgeni alisema jedwali nalo halina shingo.

Waliporejea chumbani, Mwenyekiti alitoa mwongozo kwamba hoja ya Mchumi ni ya haki, hata kama ameitoa akiwa magotini, na kwamba mzigo mmoja hauwezi kusimama badala ya mizigo ya kaya 412.

KUMB. NA. 5/7: CHANZO CHA KILO 12

Mwenyekiti alitaka kujua kilo 12 zilitoka wapi. Mtakwimu alieleza kwamba alizipokea kutoka kwa Katibu, kwenye orodha ya vipimo.

Katibu alitoa maelezo marefu, ambayo hapa yamefupishwa kwa huruma ya mwandishi. Katika kikao cha tatu Katibu aliagizwa kwenda kinamasini kupima mzigo. Siku aliyopanga kwenda mvua ilinyesha, naye alikuwa amevaa viatu vipya. Alipokuwa akisubiri mvua ikatike alifungua kitabu cha mafunzo, akakuta jedwali zuri lenye uzito wa mzigo wa mafunjo, kilo 12, lililotengenezwa kwa ajili ya kinamasi cha nchi nyingine ambako mafunjo hukatwa kwa mashine na kufungwa kwa waya. Akalinakili. Katika kikao cha nne, kwenye safu ya utekelezaji, mbele ya agizo la kwenda kupima mzigo, aliandika neno "Imetekelezwa". Kamati ikathibitisha, na chai ikaletwa.

Mtakwimu alisema: "Kaka, nimewaweka watu kumi na mmoja kwenye tope wiki sita kwa ajili ya kilo zako za kitabuni."

Katibu aliomba radhi kwa Mtakwimu, kisha kwa mgeni, kisha akaomba kujiuzulu ukatibu.

Mwenyekiti alikataa. "Ukatibu si koti ukalivua kwa sababu kuna joto. Utabaki nao, na topeni utakwenda."

Mchumi, alipoulizwa kama ana neno la kumtetea shemeji yake, alisema hana.

Iliazimiwa kwamba kuanzia sasa hakuna agizo litakaloandikwa kuwa limetekelezwa bila mjumbe wa pili aliyeliona likitekelezwa kwa macho yake. Mwenyekiti alisema wajumbe wote waliothibitisha bila kuuliza, yeye akiwa wa kwanza, wasijifiche nyuma ya Katibu, kwa kuwa mtu mwenyewe ni mwembamba.

KUMB. NA. 6/7: NINI KIFANYIKE

Mchumi alirudia kwamba Baraza liandikiwe barua ya kuomba muda, na kazi apewe mshauri. Mhandisi alisema maneno yake ya kwanza ya siku: "Baraza haliahirishi." Alieleza kwamba kinamasi cha upande wa pili wa mji kilifukiwa barua ya namna hiyo ikiwa bado kwenye trei, na tangu mwaka huo mtambo wa maji unatumia dawa mara mbili ya zamani.

Mtakwimu alisema hakuna haja ya kuanza upya. Majibu ya kaya ni sahihi na yamehakikiwa. Kilichooza ni kipimo kimoja. Alipendekeza ipimwe mizigo sitini, ishirini katika kila moja ya njia tatu za kutokea kinamasini, ipimwe mibichi palepale, ianikwe, kisha ipimwe tena ikiwa mikavu. Wadodosaji wake, alisema, hawahitaji kufundishwa kusoma mizani.

Mgeni aliulizwa mafunjo hukauka kwa siku ngapi. Alisema siku nane jua likiwa jua, kumi likinuna.

Mtakwimu alihesabu kwa sauti: yakikatwa yote kufikia Jumamosi tarehe 10, yatakuwa yamekauka tarehe 20 hata jua likinuna, hesabu siku tatu, ripoti ipelekwe tarehe 24. Mhandisi alisema hiyo inaacha siku moja ya ziada. Mtakwimu alisema ndiyo, na siku hiyo asipewe Katibu.

Mchumi aliuliza: "Na mkipima mkakuta mkavu ni kumi na mbili kweli?"

Mtakwimu alijibu: "Nitaandika kumi na mbili, na nitatia saini."

Mchumi alimgeukia mgeni na kumuuliza swali hilohilo. Mgeni alijibu: "Basi nitakuwa nimekaa miaka thelathini na tano kwenye ardhi isiyotumika. Mje mnisaidie kuwaeleza wanangu niliwasomesha kwa nini." Kisha alisema: "Lakini pimeni. Mimi siogopi mizani. Ninachoogopa ni kupimwa na mtu ambaye hakuja."



Mchumi ndiye aliyeendelea. Alisema yeye bado hawaamini watu wanaopima kitu huku wanatamani jibu fulani, na hapa chumbani kila mtu anatamani. Kwa hiyo, kama kazi inafanyika, mizani ataishika yeye, njia zote tatu, mizigo yote sitini, na daftari la vipimo litabaki mkononi mwake hadi siku ya hesabu.

"Shika, baba," alisema Msuka Mikeka. "Ila uje bila tai. Itanasa kwenye mafunjo tukupoteze."

Mtakwimu alisema anaafiki kwa mikono miwili. Tarakimu iliyoshikwa na mtu asiyeitaka, alieleza, hata Baraza litaona aibu kuipinga.

Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba mizigo sitini ipimwe kwa utaratibu huo, Mchumi akiwa mshika mizani na Katibu akiwa mbebaji. Kwamba kikosi cha wadodosaji kisivunjwe. Na kwamba ripoti, jibu liwe lolote, ibebe saini za waliopima na ieleze kila tarakimu ilivyopatikana, ili atakayekuja kesho aweze kuirudia au kuikosoa. Katika kupiga kura Mchumi aliinua mkono hadi usawa wa bega. Mwenyekiti aliuhesabu.

KUMB. NA. 7/7: MENGINEYO

Mtunza stoo, aliyeitwa, alieleza kwamba mizani haitoki nje ya jengo bila barua yenye mdhamini, kwa kuwa ile iliyotangulia ilikwenda kupima mbegu na haijarudi. Barua iliandikwa palepale. Mtunza stoo aliuliza nani mdhamini. Mchumi alichukua kalamu ya Katibu, akatia saini.

KUMB. NA. 8/7: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti hakutoa hotuba. Alisema kesho ni saa kumi na moja alfajiri kwenye njia ya kwanza, na atakayechelewa atakuta mizigo imeshapanda vichwani na kuondoka.

Wajumbe walipokuwa wakisimama, Mchumi alimuuliza mgeni maji ya huko yana kina gani. Msuka Mikeka alimtazama kutoka viatuni kwenda juu, akajigusa kifuani kwa mkono. "Kwangu mimi, hapa." Kisha akampima Mchumi kwa macho. "Kwako, kitovuni. Ukisimama wima."

Mchumi alikiandika kipimo hicho kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na Mtakwimu akatia saini kama shahidi.

Kikao kilifungwa saa 8:10 mchana.

..............................
MWENYEKITI

..............................
KATIBU

Tarehe: ..............................