Karatasi Moja Isiyo na Jina Lako

Osmundi, kamwene, nakusalimu ndugu yangu.

Niko Mjimwema kwa dada, nimepewa likizo. Wewe ulikuwa unaongea, mimi nasikiliza. Leo itabidi niongee mimi.

Kozi ya ukomando tulimaliza. Tangu mto ukuchukue kwenye lile zoezi la kamba, kitanda chako juu yangu kilibaki wazi, hakuna aliyekitaka. Nilikuwa naamka nasubiri unirushie soksi. "Amka, bubu wa Matembwe! Watakuzika mzima wakidhani umekufa." Basi, wewe ndio…

Sasa ule mkanda wa kuruti bora. Unajua wakubwa hawachagui. Siku ya kufunga kozi, wazazi wanaangalia, kila kuruti anaandika jina la mtu ambaye angetaka awe pembeni yake risasi zikianza. Wewe uliutamani toka siku ya kwanza. "Nitamfunga mama juu ya kitenge, Makambako nzima watakoma!"

Afande akagawa karatasi. Mimi nikajua marehemu haandikwi. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu mwenyewe. Kumbe wenzangu walishakubaliana siku niliyokuwa lindo. Ningeuliza ningeambiwa. Niliona aibu, shule yenyewe ilinipita, nikiuliza wanacheka. Nikaandika Meshaki, kuruti mwenzetu.

Afande akaanza kusoma. Osmundi. Osmundi. Osmundi. Karibu na mwisho akasoma, "Meshaki." Akaigeuza ile karatasi, akaiangalia tena. Akasema marehemu anapewa mkanda kama wote wamekubali. Akikataa hata mmoja, unaenda kwa aliye hai. Meshaki alivalishwa huku analia, anasema hautaki.

Bwenini wakawaka. "Nani huyo? Ajitokeze kama mwanaume!" Mimi nikatandika kitanda. Nikakitandua, nikatandika tena. Hakuna aliyenifikiria. Si nilikuwa rafiki yako?

Mama yako alikuwa amekaa mbele kabisa. Hakulia. Alinifuata nyuma ya jiko, akanishika mkono, akauliza taratibu, "Mwanangu, Osmundi alimkosea nani?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Osmundi, nisamehe. Nilisema sijui.

Nilidhani imeishia pale. Juzi dada ametoka Makambako kununua maharage, akakutana na mama yako sokoni. Amekonda. Kampigia simu kila kuruti anayemfahamu, anaomba msamaha kwa niaba yako. Mimi pia alinipigia, niliiacha simu ikalia mpaka ikakata. Na Jumapili hii ametoa nia ya misa, padri aisome mbele ya watu wote: kumwombea Osmundi asamehewe na yule aliyemkosea.

Wewe! Uliyenifunga kamba yangu kwanza, halafu ukafunga yako. Uliyekuwa unanisomea matangazo ubaoni kwa sauti, ukijifanya unajisomea mwenyewe ili wengine wasijue. Mama yako anaamini uliishi vibaya na watu, na mtu anayejua ukweli ni mmoja tu, anakula ugali wa dada yake.

Jumamosi asubuhi napanda gari kwenda Makambako. Sitasubiri misa. Najijua, nikipewa kiti nitakaa, nikiletewa chai nitakunywa, nitaongelea mvua, nitaaga. Kwa hiyo nakuahidi hivi: nitamwambia mlangoni, nimesimama, kabla hajanikaribisha. Akinifukuza, nitakuwa nimeshasema.

Lala salama, ndugu yangu. Hukumkosea mtu.