Pointi Kumi na Tano za Nyangi

Jumapili, 6 Julai

Tangu nitoke nyumbani Buswahili huu ni mwezi wa nne. Nilimwambia mke wangu Boke naenda Bunda wiki tatu tu, kumwaga zege la msingi. Msingi umekwisha, tuko ghorofa ya pili. Mgongo wangu bado uko kwenye msingi.

Kwa ramani nyumbani si mbali. Lakini anayeondoka saiti akirudi anakuta mwingine ameshika koleo lake. Kwa hiyo ni mbali.

Matokeo ya kidato cha sita yanatoka wiki hii. Nyangi wangu amesoma PCB. Mimi niliishia darasa la saba, hizo herufi nimezikariri tu — fizikia, kemia, na ya tatu ni ya wadudu. Saiti wananiita Baba Daktari. Nimewaacha. Fundi mmoja ameshaanza kunionyesha goti lake.

Mugeta, ninayebeba naye karai, kijana wake Benson amefanya mtihani huohuo. Hatuongelei habari hiyo. Tunaombeana heri kwa mdomo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, sisi tumemwaga zege.

Yametoka. Nyangi alipiga saa ya chai. Sauti ndogo, kama anaongea akiwa ndani ya debe. Akasema: baba, nimepata pointi kumi na tano. Nisamehe.

Kumi na tano! Nilipiga kelele mpaka mashine ikazimwa, walidhani mtu kaangukiwa na tofali. Nikamwambia nikusamehe nini mwanangu, hii ni furaha ya ukoo mzima. Akauliza, baba, hujakasirika? Nikasema nikasirike kwani mimi mchawi? Akaanza kulia. Na mimi nikalia kidogo, nikasingizia saruji.

Nimempigia Boke. Jumapili ijayo yule beberu mweusi achinjwe, watu waalikwe, katekista atangaze. Boke akauliza kama nina uhakika, maana mtoto amejifunika shuka tangu asubuhi. Nikamwambia huo ni uchovu wa kusoma.

Jioni Mugeta naye akapata ya Benson. Tano.

Maskini.

Jumanne, 8 Julai

Mugeta hajala. Nimempelekea chai. Nikamwambia, pole ndugu yangu, kunywa, atarudia. Akasema labda wamekosea, Benson alikuwaga wa kwanza darasani, na kwenye simu alikuwa anacheka. Nikasema kucheka huko ni mshtuko.

Fredi, aliyefika kidato cha pili akatoroka, alisema polepole kwamba anasikia pointi za form six zina hesabu yake. Mwandu, mama anayetupikia, akamkata palepale: timu yenye pointi kumi na tano na timu yenye pointi tano, ipi inashuka daraja? Saiti nzima ikakubali. Hata Mugeta aliinamisha kichwa.

Baadaye akampigia Benson mbele yetu.

"Tano? Hata ndama niliokuachia wanazidi tano."

Kijana akajaribu kueleza.

"Usinifundishe hesabu, wewe wa tano. Kesho unaenda kuchunga."

Akakata simu. Nilimsifu kwa msimamo wake.

Nimelala vizuri. Niliota koti jeupe.

Alhamisi, 10 Julai

Alfonce amerudi. Huyu ni mtunza stoo wetu, alikwenda Musoma kufuata nondo. Alisoma mpaka kidato cha sita kabla hajaishia kuhesabu misumari. Nilimpa habari hata hajashuka garini. Akauliza, kumi na tano ya masomo matatu? Akaniangalia kama mtu aliyeona nyoka begani kwa mwenzake na anatafuta namna ya kumwambia. Akaniita nyuma ya stoo.

Kumbe za huko zinahesabiwa kinyume. A ni moja. F ni saba. Unajumlisha masomo matatu, na mwenye chache ndiye mkubwa, kama kwenye mbio. Kumi na tano ni divisheni three. Tano ni divisheni one ya kumwacha mtu mdomo wazi. Nikauliza, na udaktari? Akasema kwa hizo chuo kikuu kitakuwa kigumu. Akanipigapiga begani, akaniacha nimekaa juu ya mfuko wa saruji.

Nani alipanga hesabu hii? Anayekosa ndiye anayeongezewa.

Mugeta alikuwa dirishani, amesikia yote. Hakucheka. Alikimbilia simu kumpigia Benson. Haipatikani. Divisheni one iko porini na ng'ombe.

Alipochoka kupiga akaniletea chai.

"Pole ndugu yangu. Kunywa. Atarudia."

Ijumaa, 11 Julai

Sasa naitwa Baba Kumi na Tano. Fundi wa goti hanijii tena. Mwandu amenipa vipande viwili vya sato, kimya kimya, kama nimefiwa. Akasema, shemeji, na mimi ninachojua ni mpira tu.

Niliamua nimpigie Boke tuahirishe. Angesema naumwa. Uongo wenyewe si mkubwa, mgongo unauma kweli. Kabla sijapiga ukaingia ujumbe wa Nyangi:

"Baba, Jumatatu nilikuwa nimefunga begi niende kwa shangazi Matrida kule Buhare, usinikute ukirudi. Wenzangu wote wamefokewa. Wewe umeniitia watu. Nimefungua begi. Nitarudia mtihani au nitatafuta chuo cha afya, siogopi tena."

Nimeusoma mpaka simu ikaisha chaji.

Yaani mtoto anadhani nilijua. Anadhani baba yake ana moyo mkubwa kiasi hicho. Sina. Ningejua Jumatatu ile ningefoka mpaka mnara wa simu uanguke. Najijua.

Nikiahirisha, begi linafungwa. Nikienda, nasherehekea nini? Nikasema moyoni, beberu alishaambiwa, mimi ni nani nimbadilishie.

Mugeta anasema tunaenda wote. Benson amepatikana, ameombwa msamaha na baba yake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mugeta anasema jambo hilo limemchosha na sasa anahitaji nyama ya bure. Ameapa hatasema neno.

"Ila wali uwe wa kutosha kuziba mdomo, Baba Kumi na Tano. Ukipungua nitaanza kuhesabu kwa sauti."

Jumapili, 13 Julai

Buswahili. Nimefika jana jioni. Boke amenitazama akasema nimekuwa mweupe kama tofali. Ni vumbi la saruji, haliishi kwa sabuni.

Watu wamejaa mpaka kwenye zizi. Katekista ametangaza kanisani ufaulu wa kishindo, hilo neno kalitoa kwake, mimi sikumpa. Mwalimu Isaya, aliyemfundisha Nyangi shule ya msingi, amekaa kiti cha mbele. Anasema amekuja kusikia matokeo kutoka kinywani mwa baba mwenyewe. Pembeni yake Mugeta, sahani ya pili. Anatafuna huku ananiangalia. Wali ulikuwa unapungua, nikamfanyia Boke ishara aongeze.

Nyangi amekonda. Amevaa gauni lake la kipaimara, pindo limeshushwa mara mbili. Aliponipokea alinishika mkono na hakuuachia upesi.

Nimeingia chumbani kutafuta maneno ya hotuba. Akanifuata, akasimama nje ya pazia.

"Baba, unajua kumi na tano ni nini?"

"Najua."

Kweli tupu. Nilijisikia mtu mwema, kwa muda mfupi sana.

"Toka lini?"

Nimemwambia asubiri nivae shati.

Shati nimelivaa toka asubuhi. Nimekaa kitandani, naandika. Nje Mwalimu Isaya anagonga chupa ya soda kwa kijiko. Nikisema Jumatatu, mtoto anabaki na baba mwenye moyo mkubwa ambaye hayupo. Nikisema Alhamisi, kelele zangu zote za furaha zinakuwa ujinga, na begi lipo palepale chini ya kitanda chake, nimeliona. Lakini Ijumaa nilikuwa najua. Na Jumamosi nilikuwa najua, na bado nikapanda gari nikaja. Hiyo nayo ni kitu. Sijui tu kama kwa hesabu yao ile ya kinyume itakuwa ya juu au ya chini.

Amegonga ukuta.

"Baba, hilo shati lina vifungo vingapi?"

Anacheka au analia, kwa mtoto huyu sauti ni ileile, ndiyo iliyonifikisha hapa.

Natoka na jibu: Alhamisi, halafu Jumamosi nikapanda gari. Nimemwahidi fomeni narudi Bunda kesho asubuhi. Kwa jibu hili naweza kurudi leo.