Mkungu wa Ndizi wa Mpakani

Kebirigo, Jumatatu

Kaka Masese,

Kikohozi cha Mama kimepoa, na chai tunachuma kila siku.

Jana tulifanya ile sikukuu mpya ya amani wanayotaka iwe ya dunia nzima. Padri alituambia kila mtu ampelekee zawadi yule asiyesemezana naye. Baba mdogo Ondieki akaja kwetu, mara ya kwanza tangu tumzike Baba. Alibeba mkungu wa ndizi, nami nikaujua papo hapo. Aliukata kwenye migomba ya mpakani, ile aliyotunyang'anya.

Tukiupokea, tumekubali kwamba shamba ni lake. Tukiukataa, sisi ndio tumekataa amani, na majirani walikuwa wamesimama wanatazama. Mama alimenya ndizi, akapika, akampakulia yeye kwanza.

"Karibu shemeji," akamwambia mbele ya watu wote. "Kula ndizi zetu."

Alikula mpaka akamaliza. Hakuinua macho.

Leo tangu asubuhi namsikia Baba mdogo kwake ananoa panga kwa tupa. Najua uliomba ruhusa kazini uje Ijumaa tupime mpaka. Usije kwanza, kaka. Sikukuu ilikuwa jana.

Ni mimi dadako,
Nyamoita