Taa ya Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Programu ya kitinda mimba wangu imekubaliwa! Kazini wamempigia makofi, bosi mwenyewe kasimama. Na aliyemzaa ni mimi, niliyeishia darasa la saba! Kanieleza: taa, spika, kengele, vyote visivyo na waya, kila kimoja kinajitaja kinaweza nini. Programu yoyote ikiuliza, inajibiwa. "Kama dirisha la kaunta, mama. Unauliza, unajibiwa, jikoni huingii." Nimeelewa kuliko mwalimu wake.

Jumanne, 5 Machi

Kaijaribu hapa nyumbani, kwa simu. Orodha ikashuka. Kengele ya mlango: inalia. Spika: inaongea. Taa ya sebuleni: inawaka, inafifia, inasikia.

Inasikia! Taa!

Na taa hiyo kaileta mkwe mwezi wa kwanza, mume wa binti yangu mkubwa, kaifunga kwa mikono yake. Nilishangaa, ukarimu wa ghafla hivi? Kitinda mimba akacheka — eti ina kinasa sauti ili uiambie iwake. "Kuweza si kufanya, mama." Nikamwambia hata mbwa wa jirani anaweza kuuma, hajauma bado, lakini mimi napita upande wa pili.

Mle sebuleni nimesema mengi. Kwamba mkwe ni mvivu. Kwamba binti yangu angepata wa maana. Na mwezi uliopita binti mkubwa kaniuliza: "Mama, mume wangu kakukosea nini?" Nani alimwambia?

Jumatano, 6 Machi

Nimeifunika taa kwa taulo. Imefunuliwa. Nimeifunika tena.

Alhamisi, 7 Machi

Mjinga mimi? Kitinda mimba alipoingia kuoga, nikaondoa taulo, nikaiambia taa neno kwa neno: Nimeanguka. Goti limevimba. Kusimama siwezi. Uongo mtupu! Binadamu hata mmoja sijamwambia. Tuone goti hili litafika wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne asubuhi, simu. Mkwe!

"Shikamoo mama. Pole na goti."

Kakuambia nani, baba? "Nimesikia tu, mama." Kwa nani? Eti mtandao unakatakata.

Nikamvaa kitinda mimba. Kaapa taa haikutuma kitu, kaikagua. Ni yeye mwenyewe aliyesema. "Bafuni kunasikika kila kitu, mama. Nilidhani uko kwenye simu, unanificha. Nikamwambia dada." Na yale ya uvivu, uliyasikia huko huko bafuni? Kaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Au anamfichia shemeji yake? Taa nimeichomoa. Mtoto nitamchomoa wapi?

Jioni binti mkubwa kapiga simu, analia kwa furaha. Mumewe kaomba ruhusa kazini ya Jumatatu, kasema atambeba mama mgongoni hadi hospitali. Yule mvivu! Nikichechemea, naendeleza uongo. Nikitembea vizuri, wataniuliza nilikuwa namtega nani.

Wanakuja wote, na watoto. Jumapili.