Siku ya Fainali, Paskali Alilia

Nangwa, Jumapili jioni, mwezi wa tano.

Leo mlima haukuonekana kutwa nzima. Ukungu ulishuka tangu alfajiri ukakaa juu ya mashamba, ukagoma kuondoka. Hali yangu mimi sijui niiiteje. Si huzuni. Huzuni naijua.

Sijaandika hapa kwenye blogu tangu kabla ya Pasaka. Mliozoea kusoma vituko vya darasa langu la tatu, mniwie radhi. Niko likizo ya uzazi.

Mtoto hayupo.

Nimeandika hivyo kwa sababu sijui kuandika vingine. Alizaliwa hospitalini, wa kike, amekamilika kila kitu, na hakulia. Daktari alinieleza sababu. Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza tangazo la mnadani, la ng'ombe wa mtu nisiyemjua. Mume wangu Paskali na mama yake walimchukua wakaja kumzika huku nyumbani, mimi nikiwa bado wodini. Niliporuhusiwa nikakuta nyumba imefagiliwa. Nguo ndogo hazikuwepo tena kwenye kamba. Sikuuliza zimepelekwa wapi. Sikuuliza kitu chochote.

Wanaokuja kutoa pole wananitazama usoni wakitafuta machozi. Wasipoyaona wanahamia kwenye chai. "Mungu atawapa mwingine," wanasema, nami naitikia amina. Maziwa yalikuja, hilo hakuna aliyekuwa amenionya. Mama mkwe alinifunga kifua na khanga, akakaza, akasema yatakauka. Kweli yakakauka.

Paskali ni fundi pikipiki. Alirudi kazini siku ya pili baada ya mazishi, na tangu hapo hajamtaja mtoto hata mara moja. Alichotaja ni mpira. Timu yake ya Dar ilikuwa imefika fainali ya Afrika, na mechi ya kwanza, ya ugenini, walifungwa bao moja. Leo ilikuwa marudiano, nyumbani. Kila jioni, mbele ya sahani ya ugali, alikuwa ananieleza. Tukishinda mbili bila, kombe letu. Tukishinda moja bila, tunakwenda kwenye matuta, kupigiana penalti. Nilikuwa naitikia. Ukweli ni kwamba nilishukuru kuwepo kwa kitu cha kuzungumza ambacho hakikunihusu.

Halafu kuna Gwandu. Amekua pamoja na Paskali, wamechunga ndama pamoja, na ndiye mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira hapa kijijini. Yeye ni wa ile timu nyingine ya Dar, kwa hiyo wiki nzima aliwashangilia wageni. Alitafuta bendera yao sijui wapi, akaifunga kwenye pikipiki, na kila akipita mbele ya nyumba yetu anapunguza mwendo na kupiga honi. "Paskali! Waambie wenzako waandae leso!"

Nyumba yenye msiba, na yeye anapiga honi. Nilimwona mtu asiye na haya. Nafikiri nilimchukia, kwa kadiri ninavyoweza kuchukia siku hizi, yaani kwa mbali.

Leo kanisani sikwenda. Mchana Paskali alivaa jezi yake, akakaa kwenye kigoda mlangoni akifunga na kufungua kamba za viatu. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Akaniambia, "Nenda naye, mwanangu. Nyumba hii imenyamaza mno."

Nikaenda. Ilikuwa rahisi kuliko kukataa.

Kibanda kilikuwa kimejaa hadi watu wamekaa chini mbele ya televisheni. Walipotuona wakabanana, tukapata nafasi kwenye ubao karibu na ukuta. Hakuna aliyenipa pole, na nilishukuru. Gwandu alikuwa kwenye stuli yake na rimoti mkononi, bendera mabegani, anajibizana na kila mtu.

Bao lilikuja kipindi cha kwanza, kwa kichwa, baada ya kona. Bati liliitika kwa kelele. Paskali aliruka, na akiwa bado juu akageuka kunitazama, kama mtu anayeomba ruhusa. Nikapiga makofi. Niliyasikia makofi yangu kama ya mtu aliyekaa safu ya nyuma.

Sikumbuki mengi ya kipindi cha pili. Nakumbuka kipa wao alikuwa anajiangusha ili kupoteza muda, na kwamba mkono wa Paskali ulikuwa juu ya goti langu, mzito, na sikuuondoa wala sikuushika. Dakika zikaisha moja bila. Matuta.

Hapo hata Gwandu aliacha kujibizana. Wetu akafunga, wao wakafunga. Wetu, wao. Watu wengine walifunika macho. Mimi nilitazama kila mkwaju vizuri kabisa, na sikutaka lolote. Nahodha wetu ndiye aliyepewa wa mwisho. Alirudi nyuma hatua nyingi mno, hata mimi niliona. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani, ukabingirika kama haujui uelekee wapi.

Mpigaji wao wa mwisho hakukosa.

Nusu ya kibanda, wale wa timu nyingine, wakalipuka. Miluzi, nyimbo, benchi likaanguka. Gwandu akapanda juu ya stuli akipeperusha ile bendera.

Ndipo niliposikia sauti kando yangu. Mwanzo sikujua ni ya nani. Tuna miaka sita kwenye ndoa na sikuwahi kuisikia.

Paskali alikuwa ameinama hadi paji la uso limegusa magoti, na analia. Si kile kilio cha mpira, cha kujifuta kwa jezi huku mtu anamtukana refa. Alikuwa analia kwa mwili mzima, ubao tuliokalia ukawa unatikisika. Watu wakaanza kucheka. Gwandu akashuka kwenye stuli, naye akaja akicheka, akajipenyeza katikati yao.

"Oya! Mwanaume mzima unalilia mpira?"

Paskali aliinua uso. "Alikuwa mzito," akasema. "Gwandu, si ulimbeba. Alikuwa mzito kama watoto wengine."

Nilimwona Gwandu kicheko kikimtoka usoni. Aligeuka akazima televisheni, huko Dar wakiwa hata hawajagawa medali. Watu wakaguna, mmoja akauliza na kombe je.

"Nimesema basi. Tokeni nje, jamani. Tokeni."

Wakatoka. Nafikiri wengi wao mpaka sasa wanaamini Paskali aliililia fainali. Waache waamini hivyo. Hapa kwetu mwanaume akililia mpira atataniwa hadi mavuno, basi. Kilio kile kingine hakina hata namna ya kutaniwa.

Gwandu alikaa chini kwenye vumbi mbele ya rafiki yake, bendera ikiwa bado shingoni, akamshika vifundo vya miguu. Mimi niliweka mkono mgongoni kwa Paskali. Nilijua huyu ni mume wangu na kwamba analia, kama unavyojua jibu la hesabu. Nilitamani kujua zaidi ya hapo. Sikuweza, lakini sikuutoa mkono.

Tulitoka kulipokuwa bado kuna mwanga. Njiani tulikutana na Mzee Sulle, jirani yetu, amejifunika blanketi lake, anarudisha mbuzi. Tukamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu." Akaona macho ya Paskali. "Aa, nimesikia kwenye redio. Poleni sana. Msikate tamaa, mwakani tutafika tena."

"Asante, mzee," Paskali akasema, na nikaona kwamba ile pole ameipokea kweli.

Mbele kidogo akaanza kuzungumza, bila mimi kumwuliza, macho yakiwa barabarani. Akasema siku ile ya kumzika mtoto alishika jembe, akapiga mara moja, mikono ikakataa. Gwandu akaja akalichukua. Ndiye aliyechimba mpaka mwisho. Ndiye aliyembeba kutoka kwenye gari hadi shambani, kwa sababu Paskali alikuwa anaogopa kumwangusha.

Niliuliza mbona basi alikuwa anatupigia honi vile, wiki nzima.

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema. "Nilimwambia, wewe nitanie kama zamani. Usinitazame kama hawa wengine."

Tulitembea. Nilijaribu kukumbuka jinsi nilivyokuwa nimemchukia Gwandu, nikaona hata hilo silipati tena vizuri. Tulipofika kwenye kona ya nyumba nikasikia mtu anauliza swali, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Yuko wapi?"

Hakushangaa. Alinipitisha nyuma ya zizi, tukafuata mpaka wa shamba la mbaazi hadi mwisho, pale ardhi inapoanza kuteremka. Kuna mawe yamepangwa mduara, si makubwa. Mama mkwe ndiye aliyeyapanga, Paskali akasema, ili ndama wasipite juu yake. Anakuja huku kila asubuhi kabla hatujaamka. Mimi nilikuwa nadhani anakwenda kukata majani.

Hivyo watatu wote walipajua. Mimi tu ndiye sikupajua.

Sikukasirika. Nilisimama na kandambili zangu kwenye majani yaliyolowa, nikatazama mawe moja moja. Nilingoja nilie. Paskali naye alikuwa anangoja, nilimsikia anavyopumua. Hakikuja kitu.

Kisha nikahisi vidole vya miguu vinauma kwa baridi. Vinauma hasa, kama zamani nilipokuwa mtoto nikitumwa kisimani. Nikamwambia Paskali, "Miguu inaniuma." Akasema twende basi ndani. Nikamwambia bado, tukae kidogo. Tukakaa mpaka mawe yakaanza kupotea kwenye giza.

Sasa Mama mkwe anaosha vyombo na Paskali amekaa karibu na moto, kimya, lakini si kimya kile cha wiki zilizopita. Simu yake ilikuwa inaita, utani wa mashabiki bila shaka, akaizima. Mimi naandika.

Sijalia. Sijui kama nitalia. Labda mwili wangu una ratiba yake, au labda mimi ndivyo nilivyo. Kuna msomaji anayejua?

Ila katikati ya yale mawe niliona magugu yameanza kuota, yale ya majani mapana. Mama mkwe anaumwa mgongo, hawezi kuinama sana. Kesho umande ukikauka nitachukua jembe dogo, niende nikapalilie. Nitaenda peke yangu. Njia naijua.