Magunia kwenye Ndege ya Waziri

Jumatatu, 8 Mei

Sijamwambia mtu: maji ya mafuriko yalipobeba daraja la barabara ya Nairobi, mbele ya Nyeri, nilifurahi. Leo ningeanza chuo cha kupiga taipu huko. Sasa magari hayapiti. Kila mtu hapa Mweiga analalamika, maziwa yanaharibika kwenye mikebe, nami namenya viazi kwa amani. Nairobi naiogopa. Watu wasionijua nawaogopa zaidi. Nimemaliza shule bila kuinua mkono darasani hata mara moja.

Jumatano, 10 Mei

Mama amepigwa na pembe ya ng'ombe jichoni akikamua. Baba alimpeleka Nyeri. Daktari amelifunga, akasema lazima apasuliwe Nairobi wiki hii. Akichelewa, hata jicho lililo zima litapofuka.

Daraja hakuna.

Sijala. Nilifurahia kitu kibaya.

Alhamisi, 11 Mei

Chifu ametangaza: Waziri anakuja kesho kuona uharibifu wa mafuriko. Ndege ya jeshi itamleta. Tumefyeka uwanja tangu asubuhi na kuzoa mavi ya ng'ombe. Kila boma litoe zawadi. Yetu ni gunia la viazi, alivyochimba Mama kabla ya kuumia.

Baba amemwomba Chifu aseme na Waziri. Chifu amejibu, "Tutaona." Naomba Mungu.

Ijumaa, 12 Mei



Ndege ilitua ikirusha matope, kijani kama panzi. Akina mama wakaimba. Waziri akahutubia. Chifu akamnong'oneza, naye akakubali mara moja: Mama na Baba wapande naye. Nikalia.

Lakini zawadi zilikuwa zimeshapakiwa. Viazi, kabichi, asali, kondoo dume. Rubani, mwanajeshi kijana mwenye sauti ya chini, akatikisa kichwa. Uwanja mfupi, tena umelowa. Wawili wakiongezeka, magunia yashuke, la sivyo ndege haitainuka.

Wazee wakakataa.

"Zawadi ya mgeni irudi nyumbani?" Mzee Nderitu akafoka. "Ati Mweiga tuitwe wachoyo?"

Hata Waziri aliona haya kurudisha alichopewa. Mama alisimama na kitambaa chake jichoni. Hangeaibisha watu kwa sababu yake. Namjua.

Nilisikia sauti. Ilikuwa yangu.

"Guka, babu yangu, gunia letu lishushwe kwanza. Sisi ndio tuitwe wachoyo."

Watu wote waliniangalia. Nilitaka ardhi inifiche. Baba aliinamisha kichwa. Halafu akapanda ndegeni, akalishusha mwenyewe, mgongoni.

Jirani yetu Wanjiru akacheka kwa nguvu. "Na langu! Kabichi zangu hazijazoea ndege, zitatapika!"

Wakacheka wengine. Gunia baada ya gunia. Mzee Nderitu naye akaanza kusaidia kupokea. Ila kondoo alikataa kabisa kushushwa. Rubani akampima kwa macho, akasema haya, huyo abaki.

Ndege ilipopita juu ya miti niliketi kwenye nyasi. Asante, Mungu. Asante.

Alhamisi, 18 Mei

Hakuna habari. Wanjiru ananisaidia kukamua. Yule ng'ombe simtazami.

Jumamosi, 27 Mei

Daraja la mbao limewekwa. Mama amelipitia, amerudi.

Jicho moja limetolewa. La pili linaona. Aliposhuka garini kitu cha kwanza aliniambia nywele zangu hazijachanwa. Sijawahi kufurahia kukaripiwa hivyo.

Anasema kondoo alimlalia miguuni njia nzima, akamkinga baridi. Tumepika vile viazi vilivyoshushwa. Mzee Nderitu alikuja, akala sahani mbili, hakutaja choyo.

Keshokutwa naenda chuoni. Bado naogopa. Lakini sasa najua sauti yangu ikoje.

Mama amelala. Mvua ni ndogo. Kama kuna mtu atasoma hapa siku moja, tafadhali: ile furaha yangu ya daraja, Mama asiijue.